Fisi Mwenye Kanzu na Mbegu ya Bibi

Kosa langu la kwanza la uandishi, mwanangu, lilichekesha soko zima la Kate, ndiyo maana sikulitambua upesi. (Usinishangae, wewe unayeanza kuandika, nikikuita mwanangu. Ndevu zangu bado chache, ila nimekutangulia kuungua kwa kalamu.)

Nilijifundisha kuandika kwa vitabu vya kuazima. Kimoja kilieleza jinsi watu wa kawaida huko Ulaya, enzi za Matengenezo ya Kanisa, walivyochapa vikaratasi vya kuwakejeli mapadri, wakiwachora kama mbwa mwitu waliovaa majoho. Nikasema, na mimi! Padri wetu mgeni alikuwa ameagiza sadaka ya nafaka itolewe mvua zikikaribia, wakati majumbani imebaki mbegu tu. Bibi yangu alipeleka ulezi wake wote wa kupanda.

Nikaandika shairi, nikafuta, nikaandika tena. Silabi moja ikizidi, silali. Nikamchora padri kama fisi mwenye kanzu, nikabandika nakala sokoni. Vijana wakashika mbavu: "Mshikaji, umeua!"

Nikamsomea Bibi. Hakucheka.

"Na mbegu yangu iko wapi humo?"

"Niliitoa, Bibi. Ilikuwa inaharibu vina."

"Haya. Basi mwaka huu tutalima vina."

Mwenye kelele hana neno, wazee walisema, nami nilikuwa na kelele zenye mizani kamili.

Kesho yake akaniburuta parokiani. "Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Aliyekuchora fisi ndiye huyu." Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akaeleza habari ya mbegu, taratibu, bila kina hata kimoja.

Padri akatoa kikaratasi changu mfukoni. "Nimekisoma sana hiki. Nilijua nimekuwa fisi, Bibi. Sikujua nimekula nini." Akaangua kicheko, Bibi naye akashindwa kujizuia. Ulezi ulikuwa bado stoo. Nikaubeba kichwani hadi nyumbani, na majirani nao wakaitwa kuchukua ulezi wao.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kuandika juu ya mkubwa, anza na aliyeumia na kilichomuuma. Kejeli ni chumvi, nayo hailiwi bila ugali. Mungu akupe kalamu isiyoogopa na sikio lisilochoka, na ghala lako lisikose mbegu.

Siku hizi sadaka hutolewa baada ya kupura ulezi. Mimi bado nafuta sana, lakini sibandiki kitu mpaka Bibi asikie na kuniambia mbegu yake imo.