Kutu na Dawa ya Meno ya Madini

Mtu aliyeitwa Kutu tangu utotoni asitegemee kuwekwa mbele kwenye picha. Fundi huyu alikulia penye kisima ambacho maji yake yalizidi madini, na kila mtoto aliyeyanywa aliota meno ya ukubwani yenye madoa ya kahawia. Wenzake waliondoka na madoa tu. Yeye aliondoka na madoa na jina juu yake. Hata mkewe alimwita hivyo, kwa mapenzi alidai, ila mapenzi yenyewe yalikuwa yanasikika mpaka kwa jirani.

Kazi yake ilikuwa kusaga sakafu za terazo, zile za saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe ya rangi. Sakafu ya namna hiyo ikikauka haitazamiki. Fundi humwaga maji, akashusha mashine, akasaga mpaka mawe yatokeze, kisha akanyunyiza unga wa kung'arishia na kusugua tena. Kutu alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na alikuwa na neno lake moja alilolirudia mpaka wenzake wakalichoka: uzuri uko chini, huku juu ni uchafu, wewe saga.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeajiriwa mapokezi kwenye hoteli, mahali ambapo tabasamu ni sehemu ya sare. Binti alikunywa maji ya bomba, meno yake meupe pee. Alipopata mchumba alikuja nyumbani, akamkuta baba yake anakula, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Baba, nina neno, lakini usinikasirikie."

"Sema, mama."

"Siku ya harusi usicheke."

Kutu alidhani ni utani. "Naoza binti yangu wa pekee, halafu ninune?"

"Cheka, ila mdomo ufunge. Wakwe zangu ni watu wa kuangalia watu, baba. Wataniuliza kwetu tuna ugonjwa gani."

Aligeuka kumtazama mkewe, akitegemea angalau atamkemea mtoto. Mkewe alikuwa anafuta meza. "Mtoto hajasema vibaya," alisema. "Funika kombe mwanaharamu apite."

Basi Kutu akaapa moyoni kwamba siku hiyo atacheka, tena mdomo wazi, mpaka gego la mwisho lionekane. Hakutaka kingine duniani.

Kesho yake alikwenda duka la dawa. Muuza dawa, mama mtaratibu, alimpa dawa ya meno ya madini, akamweleza kwamba ina madini yaleyale yanayolijenga jino, kwa hiyo hulitia nguvu na kulitakatisha kidogo kidogo. "Ila nikwambie ukweli, mzee," alisema. "Madoa yako hayako juu. Yako ndani ya jino lenyewe. Tumia kidogo, mswaki laini, usikandamize. Kisha muone daktari wa meno, yeye ana njia zake."

Katika maneno yote hayo, Kutu alisikia moja: ndani. Alitoka pale uso umemnawiri. Kama kitu kiko ndani, nani wa kumfundisha yeye kukifikia? Alichota unga wa kung'arishia sakafu, akauchanganya na ile dawa, akatafuta mswaki mgumu, akainama kwenye beseni nyuma ya nyumba. Akasaga.

Na madoa yalififia, msinione mwongo. Kazini wenzake walipiga kelele, "Jamani, Kutu kaoga mdomo!" naye akacheka huku ameshika kiuno. Miaka yote hiyo alikuwa akicheka nyuma ya kiganja. Lakini jino si sakafu. Uzuri wa jino wote uko juu, kwenye gamba jembamba gumu, na ukilimaliza hilo huku chini hakuna mawe ya rangi, kuna umanjano na mishipa ya maumivu. Maji ya baridi yakaanza kumchoma mpaka utosini. Akajifariji kwamba dawa chungu ndiyo iponyayo, akaongeza unga. Mjinga akishika kazi anayoiweza, hakuna wa kumnyang'anya.

Siku ya harusi alikaa meza ya mbele na suti ya kuazima, kicheko chake kimeiva. Mama wa bwana harusi alimjia mikono imetanuliwa. Kutu akasimama, akafungua kinywa amsalimie. Yule mama hakungoja. Alijigusa kifua, akamwonyesha dole gumba, akapaza sauti neno moja moja, "TUMEFURAHI! SANA! MKWE!" Kisha akamgeukia mke wa Kutu. "Anasoma midomo? Binti yenu alitwambia mapema kwamba baba yake ni bubu, tena hasikii. Anavyomhurumia, utalia."

Mke wa Kutu hakupepesa hata jicho. "Anasoma kidogo kidogo," alijibu.

Kutu alimtafuta binti yake kwa macho. Binti, na shela lake, alikuwa anamtazama tayari, akitikisa kichwa taratibu: usiseme, baba, usiseme. Angesema neno moja tu, harusi ingegeuka msiba. Alifunga mdomo. Mama mkwe akamtia mkononi glasi ya maji ya matunda iliyojaa barafu, akasubiri anywe. Akanywa. Barafu iligonga meno yaliyosagwa, akaona nyota mchana kweupe, machozi yakamtiririka mpaka kwenye tai, na sauti hakutoa. Alikufa kikondoo.

"Mwoneni baba wa watu," mama mkwe aliwaambia watu, "analia kwa furaha!" Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Juma lililofuata binti alikuja kushukuru. "Umenistahi, baba. Sitasahau."

"Meno yangu uliyaona?"

"Yana nini?" alisema, akachungulia saa. Kisha akaomba jambo moja: ububu uendelee, maana akiumbuka sasa, ndoa yake haina mlango wa kutokea.

Uliendelea. Akaja mjukuu, akafundishwa kumwamkia babu kwa kupunga mkono, naye akaitikia kwa kupunga. Siku moja, alipomtembelea binti yake, waliachwa peke yao chumbani, mtoto anachezea kamba za viatu vya babu yake. Kutu alisikiliza kama kuna mtu karibu. "Njoo kwa babu," alinong'ona.

Mtoto aliruka kwa hofu, akaangua kilio, akamkimbilia mama yake. Sebuleni mama mkwe aliuliza kuna nini.

"Kaota vibaya," binti alisema, akauvuta mlango wa chumba, akaufunga.