Zamu ya Mwisho

Siku nilipoliona gari la moshi mara ya kwanza, pale Same, bibi yangu aligombana nalo. Tulikuwa tumeshuka milimani tangu alfajiri na ndizi kichwani, na bibi hakuzoea kupitwa bila shikamoo. Lile likapita linafoka, wala halikugeuka. "Halina mama hili," akasema. Mbele kidogo likasimama, watu wakaanza kulipakia kuni. Kuni, kuni, kuni! Bibi akasahau hasira. "Kumbe nalo linakula. Tena linamshinda babu yako." Kama ndizi tuliziuza sikumbuki. Nyingine nadhani nilikula mimi.

Nimelikumbuka gari lile kwa sababu Jumapili wametuhubiria tena habari ya kutokata tamaa. Mvumilivu hula mbivu. Nikatoka nje. Chuma chenyewe hakiendi bila kuni, mtu ndiye aende kwa methali?

Enzi za Mwingereza kaka yangu mkubwa alichimba mfereji miaka minne, kila kiangazi. Shamba lake lilikuwa upande mkavu wa mlima, unaotazama Maore huko tambarare. Mahindi yalikuwa yakitoa mbelewele, halafu yanakauka. Mama yetu aliteka maji bondeni na kupanda nayo, mgongo umekwishapinda. Kaka akasema maji yatapita mlangoni kwa mama angali anatembea.

Watu huniuliza alifanyaje asichoke. Alichoka! Asubuhi nyingine alikaa kitandani akitukana jembe. Lakini jioni hakuacha kazi penye ugumu. Alisimama akifika kwenye udongo laini. "Kesho nitaamka mvivu," aliniambia, "basi huyo mvivu nimwekee palipo rahisi." Na watoto wake, kila mmoja alikuwa na kipande chake, hatua tatu au nne. Jioni alimimina maji ya kibuyu, watoto wakilala kifudifudi kuona yanaelekea wapi.

"Yanakwenda! Baba, kwangu yanakwenda!"

"Kwako yamelala, chimba tena," anaambiwa mwingine kwa kicheko, na kesho yule wa maji yaliyolala ndiye wa kwanza kuamka.

Mwamba mmoja ulikula kiangazi kizima. Tuliwasha moto juu yake, tukaumwagia maji baridi, kikapasuka kipande kama kiganja. Kesho tena. Majirani wakipita walisema, "Ukitokeza Same utusalimie gari la moshi!" Kaka alicheka tu. Mimi, niseme kweli, goti langu lilikuwa likiuma siku za mwamba tu.

Mwaka wa nne maji yakaja. Mahindi ya kaka yalikuwa yanaanza mbelewele, yakiweza kungoja siku chache tu. Wale wale majirani wakatokea na majembe mabegani kana kwamba wametoka kazini, maana mfereji ulipita upande wa juu wa mashamba yao. Kwetu desturi inajulikana hata na mtoto: aliyechimba ndiye hufungua kwanza, ndiye hupanga zamu. Lakini jumbe, aliyewekwa na serikali wala si na sisi, akachinja mbuzi, akakaa kwenye kigoda, akapanga yeye. Kila nyumba siku mbili. Akawataja wazee, akataja shemeji zake, akataja hata mmoja aliyekuwa akitutupia mawe mferejini. Nyumba nane. Akaishia hapo.

"Na mimi, mzee?" kaka akauliza.

"Wewe wa mwisho, mwanangu."

"Siku kumi na sita? Mahindi yangu yatakuwa kuni."

Jumbe akatabasamu. Ninaliona tabasamu lile mpaka leo, na mpaka leo natamani kulivunja. "Wewe umezoea kusubiri. Miaka minne hukulalamika. Hawa hawawezi. Watu wavumilivu kama wewe ndio tunaowategemea."

Watu wakaitikia, "Kweli, kweli." Mama akasema kwa sauti, "Mnamwibia mwanangu mchana!" Hakuna aliyemgeukia. Kaka akanitazama mimi. Mimi ndugu yake, niliyejua kila hatua ya mfereji ule. Mdomoni nilikuwa na nyama ya mbuzi. Ningeweza kuitema niseme. Nikaimeza, na nilipomaliza kumeza alikuwa ameacha kunitazama. Nimehubiriwa dhambi nyingi, hiyo hakuna aliyewahi kuitaja.

Mtoto wake mdogo akamvuta shati. "Baba, kwangu yanapita."

"Nimeyaona. Kipande chako kizuri kuliko vyote."

Akaenda mahali tulipopasua mwamba, akainama, akanawa miguu kwa maji yale. Jumbe akamwita, "We, njoo ule!" Kaka aliliacha jembe limesimama kwenye udongo laini, akashika njia ya kushuka Maore, na hakurudi tena.