Vijia vya Nzohe

Siku yangu ya kwanza kazini, Sajini wa kituo cha wanyamapori cha Kesses alinisimamisha ndani ya kinamasi, maji magotini, akaniambia nisitikisike mpaka aniite. Aliniita saa sita mchana. "Wewe umezoea ng'ombe," akasema. "Huyu mnyama akikusikia, hesabu imeharibika."

Mnyama mwenyewe ni nzohe, swala wa majini. Akishtuka huzama, akaacha pua tu nje. Kwa hivyo hatukumhesabu yeye. Tulihesabu alama za kwato zake, ndefu na zilizopanuka, katika vijia anavyopasua kwenye mafunjo, yale matete marefu ya kinamasini. Kila mmoja na kijia chake. Nzohe walikuwa wamebaki wachache na mbwa wa wawindaji walikuwa wengi, basi amri ilikuwa moja: kijia usimwonyeshe mtu. Sikumwonyesha hata mke wangu, naye alininunia kwa hilo miaka mingi.

Nilihamishiwa Soy, kisha nikarudishwa Kesses. Ndipo zikaja vurugu za baada ya uchaguzi, majirani wakifukuzana kwa kabila. Asubuhi moja moshi wa nyumba zilizochomwa ulikuwa umetanda upande wa Cheptiret, na Mama Njeri, aliyekuwa akitupikia chai kituoni, akaja na watoto wake watatu na mama mkwe wake. Barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe.

"Mzee, tupeleke pale hao wanyama wako hujificha."

Kijia pekee kilichofika kwenye ardhi kavu katikati ya kinamasi kilikuwa cha jike aliyekuwa amezaa wiki ile. Akifukuzwa, angetokea mashambani kwenye mbwa. Nilisita. Nasema kwa aibu: watoto wakinitazama, mimi nilisita. Kisha nikatangulia.

Walikaa humo siku mbili. Vijana waliofunga barabara walikuja kuniuliza kama nimeona watu. "Mimi nahesabu wanyama tu," nikawajibu. Siku ya tatu lori la polisi likawapeleka Eldoret, na hawakurudi tena Kesses.

Afisa Msimamizi alipokuja kukagua, alisimama mbele ya unyayo wa mtoto topeni. "Na huyu ni nzohe gani?" Akaufuta polepole kwa kiatu chake. "Andika kwamba mvua ilinyesha."

Mbele kidogo tukaona alama mbichi za kwato za yule jike, na kando yake zile ndogo. Sikuelewa amebakije. Nililia mbele ya mkubwa wangu.

Sasa nimestaafu. Vijana wa siku hizi hufunga kamera mtini, nami nawaonea wivu, maana magoti yao hayatauma kama yangu. Juzi Mama Njeri alinipigia simu kutoka alikohamia, nikamwambia lililonikaa kifuani miaka yote.

"Siku ile nilisita. Unisamehe."

"Nilikuona, Mzee," akasema. "Nikajua hapo ni kwa mama mwingine na mtoto wake. Nikawaambia wangu wasivunje hata tete moja."