Saki ya Mawe na Pombe Nyeusi ya Mama

Harufu ya kimea cha ulezi kinapokaangwa mwanzoni ni tamu kama ya mkate, halafu inakuwa kali, na mwishoni hujui kama kinaiva au kinaungua. Mama alipenda kukifikisha hapo hapo. Alikikaanga juu ya kipande cha bati mpaka kikawa cheusi kama kahawa, kwa sababu pombe ya kwao ilikuwa nyeusi, si ya rangi ya uji kama ile ya sokoni Musonoi, mtaa wetu wa machimbo. Tangu Jumatatu harufu hiyo imejaa nyumbani kwangu, na tangu Jumatatu sijakaa mahali pamoja.

Nilikuwa na miaka kumi kiangazi Mama alipopika pombe ya matanga ya Baba. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Mama bado alivaa kitambaa cheusi. Kwetu mjane hakivui peke yake. Huwapikia ndugu za marehemu pombe kwa mikono yake, hunywa kikombe cha kwanza mbele yao waone kwamba hana ubaya moyoni, kisha wifi yake mkubwa hukikata kwa mkasi na kumfungua. Pombe isipokuwepo, hafunguliwi. Ulezi ulikuwa umetoka Kasaji kwa treni, debe moja tu, na ndugu wangefika kwa treni hiyo hiyo siku ya matanga.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Ulezi ukishalowekwa, hufungwa ndani ya saki, yaani gunia, yenye unyevu siku tatu ili uchipue. Mama aliniachia saki safi ya mchele, akaenda sokoni. Lakini mimi na wenzangu tulikuwa tumeitumia saki ile kuteleza kwenye kilima cha udongo wa machimbo, ikachanika katikati. Wachimbaji vijana waliopanga nyumba ya nyuma walikuwa wameanika saki zao za kubebea mawe ya kobalti kwenye uzio wetu, zimefuliwa mtoni, nyeupe kabisa. Nikachukua moja. Niliijua amri ya Mama, kama mtoto yeyote wa Musonoi alivyoijua ya mama yake: saki ya mawe haiingii jikoni, vumbi lake ni sumu. Lakini haikuwa na jiwe hata moja, nami nilikuwa na haraka ya kuificha ile iliyochanika.

Siku ya tatu nilipoumwaga ulezi juu ya mkeka, niliona tope jeusi kwenye mshono wa chini, vumbi lile lile la mawe ya kobalti, na punje za chini zimeshikamana nalo. Wakati huo huo baruti ya kila mchana ikalipuka machimboni, mabati yakatetemeka, nami nikaruka kama mwizi. Niliokota punje chafu kadiri nilivyoweza, nikazifukia, nikairudisha saki kwenye uzio. Nikajiambia: pombe ni nyeusi, nani ataona?

Baada ya hapo sikutulia. Niliteka maji kabla sijatumwa, nikafagia uwanja mara tatu kwa siku. "We mutoto, uko na sisimizi mu bilatu?" Mama aliniuliza, akivitazama viatu vyangu, akacheka, kwa mara ya kwanza tangu kilio. Siku aliyokoroga pombe alichota kijiko, akaonja, akalamba midomo. Akachota cha pili. Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Sikusema.

Siku ya matanga ndugu walijaa uwanjani. Tantine Odila, dada mkubwa wa Baba, alikaa mbele na mkasi mapajani. Mama aliinua kikombe, akasita, labda kwa kumkumbuka Baba.

"Kunywa basi, mama, jua inatuunguza!" akasema Tantine. "Ao uliweka kitu ndani?"

Watu wakacheka. "Ningeweka nini, Tantine?" Mama akajibu. "Kaka yako mwenyewe aliipenda hii."

"Kama aliipenda, kunywa!"

Kikombe kilipogusa midomo yake, sauti yangu ilitoka kabla sijaiita. "Mama, usikunywe! Nilitia ulezi mu saki ya mawe."

"We mutoto," Tantine akanigeukia, "nani alikufundisha kusema ile?"

"Hakuna mutu. Ni mi mwenyewe. Nilikamata saki ya bale bachimbaji."

Mama hakunipiga. Alikitazama kikombe, akakiweka chini, akaenda kuliinamisha pipa. Pombe yote ikapita chini ya uzio, na povu lake likabaki juu ya vumbi.

"Basi kitambaa inabaki," Tantine akasema, akaurudisha mkasi mfukoni.

"Ibaki. Siwezi kunywesha bantu ile."

Kilibaki mwaka mzima, mpaka ulezi mwingine ulipovunwa. Waliomuuliza sokoni aliwaambia kwamba pombe iliharibika, hakunitaja. Mimi aliniambia mara moja tu, akiwa anasuuza pipa: "Ungeniambia ile siku, kimea ikiwa bado ku mukeka." Nimeishi na maneno hayo muda mrefu kuliko ambavyo ningeishi na kipigo.

Mama alifariki masika yaliyopita, kwa ugonjwa wa figo. Daktari aliuliza mambo mengi, pombe hakuiuliza. Sisemi kwamba ni vile vijiko viwili. Alikaa karibu na mashimo miaka mingi, akanywa maji ya pale, akavuta vumbi la pale kama sisi wote. Sijui, na hakuna atakayejua. Ninachojua ni kwamba vilikuwa viwili, na nilikuwepo.

Siku hizi shimo limeumeza uwanja wetu wa Musonoi, na kilima tulichoteleza kimechukuliwa, kwa kuwa hata udongo ule una bei sasa. Wadogo zangu walitaka tununue bia za chupa kwa matanga yake. "Yaya, nani anapika pombe leo?" wakaniuliza mimi mkubwa wao. Nikasema: mimi. Ulezi nimeuchipusha ndani ya kitambaa kipya cha pamba, nilichokifua mara mbili na kukipindua mshono kwa mshono. Hata hivyo nilikuwa nainuka kwenye kiti kila mara kwenda kukitazama tena.

Kesho ndugu watakuja, nami nitakunywa wa kwanza. Leo asubuhi nilikuwa nakoroga. Nikachota kijiko, nikakifikisha mdomoni, nikasita. Nikageuka kutazama hatua tatu nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Nikaonja.