Siku Niliyokataa Makande ya Mjomba

Kuna harufu moja ambayo nikiipata popote duniani lazima nisimame: harufu ya udongo mkavu unapoguswa na maji kwa mara ya kwanza. Juzi juzi, katika bustani ya ubalozi wetu ugenini, mtunza bustani alifungulia mpira juu ya ardhi iliyokauka. Mimi nilikuwa nimevaa suti yangu ya kijivu, naongea na waheshimiwa. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Wakadhani nimesahau Kiingereza. Kumbe nilikuwa nimesharudi Usambara, miguu peku, tope hadi magotini.

Nyinyi wasomaji wangu naweza kuwaambia ukweli. Watu huniuliza nilisomea wapi kazi ya ubalozi. Shuleni nilijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Nilianza na ufagio kwenye ofisi pale Lushoto, nikawa tarishi, nikawa karani, na baada ya Uhuru nikapanda ngazi ambako wenye vyeti vyao waliteleza. Kazi yenyewe lakini niliianza zamani, nikiwa sijaota hata ndevu, kijijini kwetu chini ya Vuga, siku niliyowashinda wazee wa mfereji peke yangu.

Kijiji chetu kilikuwa mteremkoni. Maji ya mashamba yalitoka kwenye kijito huko juu, yakashuka kwa mfereji uliochimbwa na mababu, na kila familia ilikuwa na zamu yake. Sheria ilikuwa moja tu, na hata Mwingereza hakuthubutu kuigusa: kabla ya kiangazi, kila anayetumia mfereji anatoka na jembe kuusafisha. Asiyesafisha, hapati maji.

Mwaka ule baba hakutoka. Si uvivu. Ilikuwa enzi za matuta, serikali imeamuru kila mtu akate matuta shambani ili udongo usichukuliwe na mvua, na Bwana Shamba alikuwa na tabia ya kuwakusanya wanaume bila taarifa. Siku ya kusafisha mfereji, baba alikuwa anakata matuta ya serikali kilima cha pili. Msimamizi wa mfereji alikuwa mjomba Saidi, kaka yake mama. Zamu yetu ilipofika, maji hayakuja.

Baba akangoja shemeji yake aje amuulize. Mjomba akangoja shemeji yake aje aeleze. Hakuna aliyekwenda. Viazi vyetu vikaanza kulala majani, na ndivyo tulivyovitegemea kwa chakula na kwa soko la Mombo. Jioni mama akasema kwa sauti ndogo, "Niende nikaongee na kaka yangu?"

"Mke wangu hataenda kuniombea maji," baba akasema, akatoka nje.

Mama akabaki anapepeta mchele ambao ulishapepetwa. Asubuhi akaniita jikoni. "Aliyekatazwa ni mke," akasema. "Mpwa hajakatazwa. Nenda kamsalimie mjomba wako."

Hakuniambia kingine chochote. Yaliyofuata yote yalitoka kwenye kichwa hiki hiki.

Nilifika mchana, jua la utosi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Nyumbani hawajambo?" "Hawajambo." Mjomba akaendelea kuchonga mpini. Mkaza mjomba, mwanamke mnene mwenye kicheko cha haraka, akaniletea bakuli la makande yaliyopikwa kwa nazi. Mvuke ulipanda hadi puani, tumbo langu likalia kama paka.

Sasa, sisi Washambaa mpwa kwa mjomba wake si mgeni. Anaweza kumkamata kuku uani bila kuomba na mjomba akacheka. Lakini mpwa akitoka nyumba ile na njaa, aibu yake haifutiki. Watu wataihadithia hata msibani. Jambo hilo nilikuwa nalijua. Nikalisukuma bakuli.

"Sili."

"Unaumwa?" akauliza mkaza mjomba.

"Siumwi. Viazi vya baba havijanywa maji. Vikinywa, nitakula."

Watoto wa mjomba wakaangua kicheko. "Bwana Shamba kagoma!" wakaimba, wakajaza mashavu mbele yangu na kutafuna kwa kelele. Mjomba hata hakuinua kichwa. "Mwacheni. Njaa itamfundisha."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo najipongeza. Nililibeba lile bakuli, nikaenda kukaa nalo kando ya njia, mahali ambapo wazee wangepita kwenda kuswali alasiri. Nikaliweka mbele ya miguu yangu, likapoa, nzi wakalizunguka, nami nikakaa wima kama gavana.

Wakaja. Wa mbele alikuwa mzee Hoza, mtu mkali, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba baba asipewe maji. Akatazama bakuli, akanitazama mimi. "Saidi!" akaita. "Siku hizi unawalisha wapwa zako barabarani?"

Mjomba akatoka nje, uso umemuiva. Mkaza mjomba nyuma yake. Mimi nikarudia maneno yangu yale yale, sikuongeza wala kupunguza. Wazee wakatazamana.

"Sheria ni sheria," akasema mzee Hoza. "Hakusafisha."

"Sawa, babu," mkaza mjomba akadakia. "Basi mchukue wewe ukamlishe kwako."

"Mimi? Mpwa si wangu!"

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mjomba akaingia ndani, akarudi na jembe begani. Akasimama mbele ya wazee, akasema kwa utulivu, maneno ambayo sijasikia mazuri kuyazidi katika mkutano wowote wa mataifa: "Wazee, nyinyi ni mashahidi. Simpi shemeji maji. Namlisha mpwa wangu."

Mzee Hoza akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuswali.

Tulikwenda banioni, pale maji yalipozibwa kwa magogo ya migomba na matope. Mjomba akapiga jembe mara chache, kisha akanipa mimi nimalizie. Maji yakaruka. Ndipo nikala yale makande, ambayo mkaza mjomba alitufuata nayo, baridi vile vile, nikaomba tena, kisha nikateremka mlima mbio nikiyafukuza maji, napiga kelele kama kichaa.

Baba alikuwa katikati ya viazi. Aliyaona maji kabla ya kuniona mimi. Akageuka upande mwingine haraka, akaanza kuyaongoza kwa jembe, na muda mrefu hakutaka nimwone uso. Kabla ya kiangazi kilichofuata alikuwa wa kwanza mferejini na jembe, na mjomba wa pili.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimvunja mjomba nguvu. Nilijisifu hivyo kila mahali. Halafu nikaja likizo kutoka kituo changu cha kwanza, mjomba ameshafariki, nikamsimulia mkaza mjomba ushujaa wangu. Akanicheka mpaka akafuta machozi.

"Mwanangu," akasema, "wiki nzima kabla hujaja, mume wangu alikuwa anakaa mlangoni anatazama njia. Ananiuliza mimi: kwani huko chini hawana hata mtoto wa kunitumia?"

Lakini msidhani nilipungukiwa kitu, niliongezeka. Tangu siku ile, nikiingia chumba chenye meza ndefu na wasomi waliokunja nyuso, sihangaiki na makaratasi yao. Namtafuta yule mkali kuliko wote, namtazama macho, najiuliza huyu anamngoja nani aje. Nikishamjua, naenda kumleta. Na bado sijashindwa.