Boila Iliyokauka Ng'ambo ya Busisi

Tangu nimzike mke wangu, Doto, nilikuwa nimekaa tu nyumbani Igoma, sina haja ya kwenda popote. Ndipo dereva wa lori la pamba akaniletea ujumbe wa shemeji yangu Kulwa, pacha wa marehemu, aliyekuwa mchochea moto katika kiwanda cha mafuta ya pamba ng'ambo ya Busisi: boila imekauka maji na moto unawaka, njoo upesi. Mimi ni fundi wa boila, yale matangi ya chuma ya kuchemshia maji yawe mvuke. Nimesoma hadi darasa la saba. Mengine nilifundishwa na kazi. Nilichukua nyundo na tochi nikaondoka.

Kigongo tulikwama. Magugu maji yalikuwa yamefunika gati kama shamba, na kivuko kikawa kinasogea na kurudi. Mama muuza samaki akatazama kichwa changu kilichonyolewa.

"Pole, baba. Unakwenda msibani?"

"Natoka msibani. Naomba nisifike kwenye mwingine."

Busisi nilipata lori. Jua likishuka nikaona dohani ya kiwanda. Haikutoa moshi, lakini hewa juu yake ilikuwa inatetemeka. Uani watu walikuwa wanashangilia: wameng'oa magugu yaliyoziba bomba la kuvuta maji ziwani, na Kulwa ameshika mkono wa kuwashia pampu, tayari kuuzungusha.

"Acha!" nilipiga kelele.

"Shemeji, inaungua! Tuinyweshe maji!"

"Chuma kimeiva. Ukiingiza maji sasa itapasuka ituue wote. Toka hapo!"

"Fundi gani anaogopa maji?" mmoja akacheka. Lakini Kulwa aliachia mkono, na wote wakarudi nyuma.

Asubuhi ile walikuwa wamemzika mlinzi wao. Huku ukikosa mazishi ya jirani, siku yako utachimba kaburi peke yako. Kwa hiyo walikwenda wote, na Kulwa akashindilia pumba tanuruni ili mvuke usipungue mpaka warudi. Nyuma yao magugu yakaziba bomba, pampu ikazimika na boila ikakauka. Sikuweza kumlaumu. Doto alizikwa na watu walioacha kazi zao vivyo hivyo.

Tuliufunika moto kwa majivu makavu, tukafunga milango ya hewa, tukawahamisha wafanyakazi waliozoea kulala karibu na ukuta wa boila. Hatukumwaga hata ndoo moja. Chuma kililia na kugonga kikipoa, na kila kilipogonga tuliinama.

Kesho yake mchana nilifungua mfuniko wa tundu la kuingilia, nikatambaa ndani na tochi. Mabomba yalikuwa yamelegea na kupinda. Juu ya tanuru bamba lilikuwa limevimba, na nilipoligonga halikulia. Lilitoa sauti ya udongo.

Kulwa alikuwa ananisubiri nje.

"Haifai," nikamwambia.

"Shemeji, msimu ndio kwanza unaanza. Sema inafaa kwa moto mdogo. Tutalala njaa hapa. Doto angenionea huruma."

"Mwaka huu nimeshazika mmoja wa nyumba yenu, Kulwa. Wa pili sitaki."

Aliutazama mfuniko niliokuwa nimeuweka chini. Kisha akasema, "Tajiri mwenye kiwanda ataleta fundi mwingine. Huyo atamwambia inafaa, na atakayeiwasha ni mimi."

Niliokota nyundo yangu niondoke. Yeye ndiye aliyeinama akaushika ule mfuniko wa chuma. "Bila huu haiwaki. Shika upande huo."

Tulirudi Kigongo tukiwa tumeubeba wawili, abiria wakituuliza kama tunauza vyuma chakavu.

Mwanza mjini, tajiri, aliyekinunua kiwanda ushirika uliposhindwa, alitazama mzigo wetu sakafuni.

"Nataka taarifa ya boila. Chuma hiki cha nini?"

"Shikamoo, mzee," Kulwa akasema. "Ni ili usiweze kunituma niiwashe."

Alifukuzwa kazi palepale. Sasa anakaa kwangu Igoma. Nilichojifunza ni kidogo: boila isipopasuka, watu huona imepona. Ningekuwa peke yangu, ningesema ukweli kisha ningeondoka na nyundo yangu, na boila ingewashwa.