Kocha Firmin na Jumamosi ya Mazishi

Firmin alikuwa na mabega mapana hata milango ya treni ya mtaa wa Akalla ilibidi imfungukie mara mbili, bega moja kwanza, la pili baadaye. Ndiyo yaliyomponza. Alifika Stockholm mkimbizi kutoka Burundi, akaingia chuo kusomea umeme, na kabla hajajua choo kiko wapi Waswidi wakamvika kofia ngumu na kumtia kwenye mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai, unaokimbizwa mkononi huku watu wakiangushana kama wamegombania mke. Mwaka 2004 kocha mkuu akahama, ukocha ukamwangukia Firmin. Hakuna mwingine aliyeutaka.

Alifungwa, jamani. Alifungwa kwenye jua na kwenye matope. Wanasema hata kunguru wa uwanjani walihamia upande wa pili. Vijana wa Kiswidi wakamkimbia mmoja mmoja, naye akaziba mapengo kwa wanafunzi Warundi na Waganda, aliowavuta kwa maharage ya mkewe. Ilipofika 2011 mkuu wa chuo akamwambia kwa upole kabisa: mechi moja tu ikikosa kumalizika, timu inafutwa. Ilibaki mechi ya Jumamosi moja ya Oktoba.

Sasa, Firmin alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya Warundi, na Mzee Évode akafariki. Huku Uswidi maiti husubiri wiki kadhaa, kwa hiyo siku ya kuzika huchaguliwa sebuleni, watu wakinywa chai. Mjane, Mama Dafrosa, akataka Jumamosi ile ile, watu wasikose kazi.

"Firmin, mwanangu, huna neno siku hiyo?"

Sebule nzima ikamgeukia. Mjane haambiwi kwamba kuna mpira.

"Sina neno, mama. Saa nane itafaa."

Walipotoka nje, Jimmy, mjukuu wa marehemu na mrusha mpira wa timu, akamvuta mkono.

"Kocha, umelewa chai? Siku hiyo tuna mechi."

"Mechi ni saa nne. Saa saba tumeshaoga."

"Wewe hujawahi kuoga mapema hivyo."

"Basi tutazika na jasho."

Jumamosi ikaja na theluji. Waamuzi wakakaa garini na kahawa yao, wakingoja mistari ifagiliwe, maana Mswidi hachezi kwenye mstari asiouona. Mechi ikaanza saa sita. Na dunia kwa ukaidi wake, siku hiyo vijana wakacheza. Mipira ya Jimmy ilinasa mikononi mwa wenzake kama imepakwa ulimbo. Hadi mapumziko walikuwa wanaongoza, utamu ambao Firmin hakuwahi kuuonja tangu awe kocha.

Wakaingia chumba cha kubadilishia nguo. Walitazama saa ya ukutani, kisha wakamtazama yeye.

"Sema wewe," Jimmy alisema. "Wabeba jeneza ni sisi."

Ni Firmin mwenyewe aliyewachagua, kwa sababu ya nguvu zao. Akisema chezeni, timu imepona, na Mama Dafrosa atasimama kando ya jeneza lisilo na wa kulibeba. Akachukua ufunguo wa basi dogo la chuo.

"Twendeni."

Waliingia kanisani na vikinga mabega chini ya makoti, wapana kama makabati. Wapo wanaoapa kwamba jeneza lilikwaruza taa za dari. Walipomaliza kuzika, Mama Dafrosa alimkagua Firmin kuanzia viatu vyake vya njumu kwenda juu.

"Si ulisema huna neno?"

"Sikuwa nalo, mama."

"Muongo." Akampangusa tope shingoni kwa leso yake. "Ungeniambia, tungezika Ijumaa. Marehemu alikuwa na haraka gani?"

Firmin akainama, apanguswe vizuri.

Jumatatu timu ikafutwa. Aliomba ukocha miji ya jirani, Uppsala, kisha Södertälje. Kote walimkaribisha kahawa na swali moja: ndiye yule aliyeondoka uwanjani timu yake ikiongoza?

"Ndiye," alisema, na kote aliimaliza kahawa kwanza, ndipo akavaa koti.